Karai la Mama Lilikuwa Jeusi

Mdogo wangu alilisugua karai la mama kwa waya wa kusugulia masufuria mpaka likang'aa kama sinia la harusi. Nililikuta mezani Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Toronto, katika maonyesho ya historia ya mji wetu mdogo wa dhahabu kule nyumbani.

"Nani alikutuma ulisafishe?"

"Dada, lilijaa masizi. Wageni wangedhani tumeliokota jikoni."

Mama alilichoma karai lile makusudi kwenye moto wa kuni, kwa sababu punje ndogo ya dhahabu huonekana vizuri kwenye weusi. Alipofariki, baba akiwa ametangulia, niliacha shule darasa la sita nikaingia mtoni na karai hilo. Niliosha mchanga mpaka huyu mdogo wangu, leo mwenye suti, akamaliza chuo kikuu. Utotoni alikuwa akikaa ukingoni ananitazama. Leo amesahau, na bango aliloandika linasema mji wetu ulianza kampuni ya madini ilipoleta mashine.

"Andika upya," nilimwambia.

"Dada, watu wameshaanza kuingia!"

"Waingie wakukute unaandika."

Alichukua kalamu, akainama. Nikamtajia maneno polepole: kabla ya mashine, mama zetu waliosha dhahabu mtoni kwa makarai meusi. Aliandika yote. Karai, kwa kuwa halikuwa jeusi tena, nililifunika kwa khanga yangu, na sikulifunua mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.