Neno Lililokaa Kwenye Faili ya Kiprono

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa kiwanda chetu cha majani chai, ng'ambo ya mji mdogo wa Sosiot, alinikalisha mbele ya taipureta akanionya: "Hapa unapiga chenye kimeandikwa. Maoni yako wacha nyumbani." Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa na cheti cha shule na kichwa kilichovimba.

Kila mwisho wa mwaka meneja Mzungu aliandika ripoti ya siri juu ya kila mfanyakazi, nami nikaipiga chapa. Kiprono alifanya kazi chumba cha kunyaushia, pale majani mabichi yanapotandazwa juu ya nyavu yapungue maji kabla ya kusagwa. Wenzake walitazama saa kujua kama yamenyauka. Yeye alifinya konzi ya majani, akaiachilia, akasema, "Bado kidogo," na hakukosea. Alitaka kitu kimoja tu: kuwa msimamizi wa chumba kile, kazi ambayo tayari aliifanya bila cheo. Meneja aliandika kwamba ana "potential". Mwaka uliofuata, vilevile. Usimamizi akapewa mtu wa cheti.

Kiprono akanifuata ofisini. "Karani, wameandika nini kwangu?"

"Una potential."

"Ndio nini hiyo?"

"Uwezo ambao bado haujatokea."

Akatazama viganja vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai. "Haujatokea? Na hii chai wanauza, nani ananyausha?"

Nilicheka. Naona haya hadi leo.

Miaka ya sabini Mzungu aliondoka, akaja meneja Mwafrika, nami nikapanda kuwa ofisa wa wafanyakazi. Ripoti sasa niliandika mimi. Kiprono alikuja, kofia mkononi. "Sasa ni wewe, mzee," akasema, ingawa alinizidi umri. Nikamwahidi kumpendekeza. Lakini fomu ilidai cheti, nami niliogopa kuulizwa na meneja. Niliandika neno lilelile, na mwaka wa pili sikusita hata kidogo.

Alistaafu akiwa mtandaza majani. Kwenye chai ya kumuaga nilisimama nikamsifu kwa uwezo wake mkubwa. Akanipa mkono, akauliza kwa upole, "Na sasa hiyo uwezo nipeleke wapi?"



Nami nimestaafu. Vijana wa ofisini wakiniuliza ripoti huandikwaje, huwaambia waandike kile mtu anachofanya, basi. Ile niliyopaswa kumwandikia yeye ingekuwa na mistari miwili: Kiprono ananyausha chai kutushinda sote. Apewe chumba.