Masalu na Mafahali wa Mwakitolyo

Mume wangu Masalu amechunga ng'ombe tangu hajang'oka meno ya utoto, na akili yake yote iko zizini. Simtukani, nasema ukweli. Ukame ulipotumalizia mifugo tukahamia hapa Mwakitolyo, mimi nikafungua kibanda cha chakula, yeye akapewa winchi, lile gogo lenye kamba la kuwashushia wachimbaji duarani, kwenye shimo la dhahabu. Goti lake bovu, kushuka mwenyewe hawezi. Ile winchi ndiyo riziki yake. Ikimtoka, tunafunga virago kwenda kulishwa na mkwe wetu kule Maganzo, na Masalu alishaniambia afadhali afe kuliko kukaa akisubiri bakuli kwa mkwe.

Basi kila akija kula, kazi yake kuwapanga watu kama mifugo. Ananiita, "Mbuke, mwone yule. Huyo ndiye ng'ombe anayetangulia kisimani, akikataa maji wengine hawanywi. Yule pale ni maksai, mzigo wowote anabeba, haulizi." Vijana wanacheka mpaka wali unawatoka puani. Msimamizi wetu Nuruddin, yeye ndiye alikuwa fahali. Na mwenyewe aliipenda sifa hiyo, anatembea kifua mbele utadhani dhahabu yote ya Shinyanga ameizika yeye.

Akaja George, kijana kutoka Geita, mwenye mikono ya kazi na maneno machache. Akaanza kuuliza kwa nini Nuruddin anawapa watu wake zamu kwenye mwamba mzuri, na wengine anawapeleka kuzoa kifusi. Siku moja, mchana kweupe, mbele ya kibanda changu, wakakamatana. Sufuria yangu ya maharage ikaenda chini. Watu wakakimbilia kuamua, lakini Masalu, mzee mzima, akanyoosha fimbo kuwazuia.

"Waacheni! Mafahali ukiwatenganisha kabla hawajajuana, watapigana kila siku. Waacheni wamalize, tuishi kwa amani."

Wakamheshimu, wakarudi nyuma. Nuruddin akampiga yule kijana mpaka nikafumba macho. Nikapiga kelele, "Wanaume gani nyie, mnaangalia tu!" Hakuna aliyesogea. Mwisho George akalala kifudifudi kwenye maharage yangu, kisha akajiinua polepole, akaondoka kichwa chini, damu inamchuruzika juu ya jicho.

"Umeona?" Masalu akaniambia. "Kwisha. Ameshajua mahali pake."

"Baba Suzana," nikamwambia, "ng'ombe akipigwa anarudi kula majani yake. Huyu anarudi kitandani kuwaza."

"Wanawake mnapenda kukuza mambo."

Haya. Nikarudi kuokota sufuria yangu, maana Masalu akishika lake hashikiki.

Na kweli, George alirudi kazini mpole kupita kiasi. Anampokea Nuruddin ndoo ya maji, anakaa mwisho, anakula mwisho. Masalu akawa anawaonyesha watu: mnaona, si niliwaambia? Lakini mimi ninayepika ndiye niliyekuwa naona. Jioni George anakaa na mchimbaji huyu, kesho na yule, wanaongea chinichini, nikikaribia na sahani wananyamaza. Nilimwambia mume wangu. Akacheka. Fahali aliyeshindwa, akasema, hana wa kuzungumza naye, anakula pembezoni peke yake.

Mwenye duara alipokuja kutoka Kahama, wachimbaji wote walikaa chini wakagoma. Hatushuki mpaka Nuruddin aondoke, tunamtaka George. Tajiri anachotaka ni mawe yatoke, mengine hayamhusu. Kabla ya saa sita Nuruddin alikuwa juu ya bodaboda na begi lake. Sikumlilia. Lakini nilijua anayefuata ni nani.

George akaja pale winchini, akamkodolea macho mume wangu. Kidonda cha juu ya jicho kilikuwa bado hakijafunga vizuri.

"Mzee, wewe ndiye uliyewazuia watu wasiniokoe."

Masalu akainamisha kichwa, akaweka mikono nyuma. Maskini, alikuwa anafanya kama alivyoona mifugo ikifanya miaka yote. Ng'ombe mdogo akishusha pembe, mkubwa anampita, yameisha. George hakupita. Alingoja watu wakusanyike.

"Winchi unaitaka?"

"Naitaka, baba."

"Basi niamkie."

Jamani! Kijana ambaye Masalu angeweza kumzaa! Nikatupa mwiko, nikaenda mbio. "George! Hivi wewe una mama? Akikusikia atasema nini?" Hakunigeukia. Hakuna aliyenigeukia, wote walikuwa wanautazama mdomo wa mume wangu. Nikamshika mkono. "Masalu, twende Maganzo. Twende leo hii." Na nilimaanisha.

Akautoa mkono wake taratibu.

"Shikamoo," akasema.

"Sijasikia."

"Shikamoo, George."

George akaitikia marahaba kama mtu aliyezoea kuamkiwa na wazee, akaenda zake.

Nilidhani limeisha. Asubuhi yake vijana wakapita pale winchini kwenda kushuka, wale wale ambao kila siku walikuwa wakimwamkia hata kabla hawajanawa uso. Wakampita. Wakaichukua kamba mkononi mwake kama wanaiondoa kwenye msumari. Laiti wangekuwa wamesahau, ningewakumbusha kwa matusi. Walikuwa wanakumbuka vizuri sana.

Hasira ikanipanda mpaka kichwani, na uchungu nao, sijui kipi kilizidi. Miaka yote ya ndoa mimi na Masalu tunasalimiana kwa kugombana, kumwamkia sikuwahi. Siku hiyo nikabeba kikombe cha uji, nikapiga goti kwenye vumbi mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka chini duarani:

"Shikamoo, Baba Suzana!"

Masalu akageuka nyuma kuangalia ninamwamkia nani.