Mahindi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakosi wa kumlaumu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yalipoanza kugeuka njano, akayalaumu maharage niliyopanda katikati ya mistari. "Haya ndiyo yanayoyanyonya mahindi yangu," akasema, akayang'oa yote na maua yake. Nikayaokota, nikayatupa.

Wala si maharage tu. Wanawe watatu wanabanana kwenye karakana moja ya useremala aliyoiacha marehemu baba yao, na kila mmoja anamnyang'anya mwenzake wateja. Wakikosana, mwenye mkosi ni mimi, mke wa yule mkubwa. Eti tangu niolewe, nyumba haina amani.

Basi maharage yakaisha, mahindi yakabaki membamba kama njiti. Akaniita shambani. "Haya, sasa yananyonywa na nini?"

Uvumilivu ukaniishia. "Yananyonyana yenyewe, mama! Shimo moja umetia mbegu nne, zikaota zote, na kila nikikwambia tupunguze unanijia juu!"

Nilitegemea matusi, hayakuja. Aliinama, akashika mche mmoja, akauachia, akashika wa pili. Kule karakanani wanawe walikuwa wakitukanana, wanagombania randa ya kulainishia mbao. Akabaki vilevile ameinama, akiwasikiliza.

"Niung'oe upi?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Yote nimeipanda mimi."