Kaburi la Bibi Mwanaleso

Tangu jana hata kukunja leso kunanishinda. Nauza leso kwenye kibanda cha shangazi huku pwani, Galu. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo mgeni akiniuliza jambo, huogopa kuonekana mjinga.

Juzi alikuja mzee mmoja kutoka Cornwall, Uingereza, anayejua Kiswahili. Akaniambia kwamba kwa lugha ya babu zake shati huitwa krys, na hapo kale neno hilo lilikuwa la mshipi.

"Na leso, binti yangu, neno hili lilitoka wapi?"

Niliona haya kusema sijui. Nikamwambia ni jina la bibi yetu, Mwanaleso, aliyejifunga leso ya kwanza hapa Galu. Mzee akafuta machozi. Akaahidi kurudi na wenzake wote waje wanunue.

Basi nikawa sikai, nachungulia njia, nikiomba waje shangazi akiwa hayupo. Jana wakaja, na shangazi amekaa mlangoni. Kila mmoja alishika maua.

"Hujambo, mama," mzee akasema. "Kabla ya kununua, tungependa kuzuru kaburi la Bibi Mwanaleso."

"Sijambo. Kaburi la nani?"

Mzee akaeleza yote, hakuacha kitu. Nilitamani kujifunika leso zote za kibandani.

"Baba, neno leso tuliachiwa na Wareno," shangazi akasema. Kisha akanigeukia. "Haya, Mwanasiti, simama uwapeleke wageni kwa marehemu."