Alama Chini ya Ngozi

Harufu ya mafuta ya cherehani inaniudhi mpaka leo. Fundi wangu pale Nchiru akitia tone moja tu kwenye cherehani yake, nachukua mkoba natoka nje, hata kama gauni langu limefika nusu. Anadhani nina maringo. Wacha adhani. Mafuta hayo ndiyo baba mdogo Kirimi alikuwa akipaka bunduki ya babu, akiisugua kwa fulana kuukuu huku akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani kama mtu mwema.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi Ruiri. Babu alikuwa ameshafariki. Bunduki yenyewe ilikuwa ya marisau, ya mitutu miwili, ya kizamani, na kitako chake kilifungwa ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa ikiwa mbichi, ikakauka na kukaza. Tuliambiwa babu alikuwa mlinzi kwa mzungu wa shamba la ngano, na mzungu alipofunga virago kurudi kwao akamwachia. Kibali alikipata baadaye, usiniulize vipi. Kitako nacho, eti kilipasuka babu alipompiga nacho chui, akakishona mwenyewe. Chui huyo alizidi kunenepa kila Krismasi.

Basi akatokea mnunuzi wa bunduki za zamani kutoka Nanyuki. Akasema bunduki isiyo na historia ni chuma tu. Yeye anataka kujua imetoka wapi na imepitia mikono ya nani. Baba mdogo, ambaye hati yake ilikuwa ya kuku aliyekanyaga majivu, akanikabidhi daftari. Nikanakili nambari na mihuri iliyogongwa chini ya mitutu. Nikawauliza shangazi zangu, nikamuuliza mzee wa kanisa. Kila mmoja alinipa chui wake.

Kuuliza si ujinga, mwalimu wetu alipenda kusema, nami nikamwamini kupita kiasi. Nikaenda kwa Mama Karimi, bibi kizee jirani yetu. Boma lake sisi tuliliita kwa wezi, mchana kweupe, kwa sababu baba yake, M'Rinturi, alikuwa mpishi wa mzungu yule yule na alifungwa kwa kuiba bunduki moja ambayo haikuonekana tena. Mjukuu wa Mama Karimi, Makena, alikuwa darasani kwetu. Penseli ikipotea, mtu wa kwanza kusema mtoto wa nyoka ni nyoka alikuwa mimi. Ndiyo, mimi.

Nilimkuta bibi kizee akipukuchua mahindi. Hakunikaribisha.

"Wamekutuma uje kunicheka?"

"Hapana, nyanya. Naandika historia ya ile bunduki."

Alinitazama kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima. Kisha akasema, "Andika basi. Ile ngozi alishona baba yangu. Mzungu alimpa kitako akitengeneze kwa sababu alijua kuchonga mizinga ya nyuki. Chini ya ngozi aliweka alama yake, mistari mitatu na mmoja umeikata. Bunduki hiyo hiyo ikapotea, na babu yako akaapa kortini kwamba alimwona nayo. Baba alirudi kutoka jela akitema damu. Fungua hiyo ngozi. Usipoiona alama, niite mwizi na mimi."

Kwetu mzinga ulio juu ya mti hauna mlinzi. Mwenyewe anajulikana kwa alama, na alama ya mtu haiigwi. Mizinga ya M'Rinturi ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya nyumba ya Mama Karimi. Nikaikagua. Mistari mitatu, na mmoja umeikata.

Jumamosi baba mdogo alipoenda sokoni nikapasua mshono kwa wembe. Alama ilikuwepo, safi kabisa. Ala! Nilikasirika mpaka nikalia. Nikaandika ukurasa mzima, jina la M'Rinturi nikalipigia mstari, na kwa ujinga wangu nikampelekea baba mdogo, nikidhani ukweli ndio uliokuwa ukitafutwa.

Alinizaba kofi nikaona nyota. Akachana ukurasa. Akachukua msasa akasugua alama ile taratibu, bila haraka, mpaka mbao ikawa laini, kisha akashona ngozi mpya. "Unataka na sisi tuitwe wezi?" akaniuliza. Akanirudishia daftari. Nikaandika chui. Nikamwandika vizuri sana, bila kufuta hata neno moja, na mnunuzi akasifu hati yangu akaondoka na bunduki.

Jumapili Mama Karimi alinisubiri langoni mwa kanisa. Baba mdogo alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

"Uliiona?"

"Niliiona, nyanya."

"Ukaandika jina la baba?"

"Ndiyo."

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanibariki kwa Kimeru, machozi yakimtiririka. Wiki zilizofuata alizunguka soko la Ruiri akitangaza kwamba baba yake ameandikwa kitabuni, si mwizi tena. Watu walimcheka. Alikufa akiamini hivyo.

Baba mdogo yuko hai, na mimi sitaki kumwona. Anayetaka kunihubiria msamaha atafute mwingine. Lakini kwa miaka mingi nilijitetea kwamba uongo wangu ulimfariji bibi kizee na haukumdhuru mtu. Mwaka jana nilikuwa nyumbani Ruiri, tumekaa nje tunakunywa chai, baba mdogo naye akiwepo, watoto wakicheza. Mpira ulipotea. Mpwa wangu wa miaka minane akamnyooshea kidole mtoto wa Makena, akamwambia kwao ni wezi tangu zamani. Mtoto yule hakubisha. Alifungua mifuko yake mwenyewe, akaigeuza nje, akasimama akingoja tumkague. Mwizi alikuwa nani, pale tulijua wawili tu, mimi na baba mdogo, naye alikuwa akinitazama. Nikamwambia mtoto aje nimwangalie mifuko.