Nilivyotafuta uzito wa risasi wa kuzamisha mwili wangu wa pipa, Tongoni, miaka ya hamsini

Wakuu, habari za humu. Nimeona jamaa kauliza: mtu mwenye mwili mkubwa, akitaka kuzamia na mtungi wa hewa, avae risasi kiasi gani, yale madini mazito ya kumzamisha, si za bunduki?

Mimi sasa ni mzee wa kuhesabiwa vidonge, nachapa kwa kidole kimoja. Ila hili lilinipata mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Ya baharini inatosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, inaelekea mwishoni. Nilikuwa fundi wa mashine kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge, Bwana Kosta. Jina langu Salimu, lakini Tanga nzima ilinijua kwa jina la Pipa. Mnaelewa kwa nini.

Kosta aliagiza mtungi wa kuzamia kutoka Ulaya. Akanifundisha kuutumia pale ufukwe wa Raskazone, Tanga, kwenye maji ya kifuani. Muda si mrefu masikio yakamsumbua, daktari akampiga marufuku. Nikabaki mimi peke yangu ninayeujua.

Sasa msiba. Dada yangu Mwanaidi aliachika huko Pemba, akarudi kwetu Tongoni na mtoto mgongoni na cherehani. Basi. Hana kingine.

Wakati wa kuiteremsha cherehani hiyo kutoka kwenye mashua kuingia kwenye mtumbwi, kamba ikateleza. Cherehani chubwi! Kina cha maji pale kama mnazi mrefu. Wazamiaji wa kijijini walijaribu, ila pumzi iliwaishia kabla hawajaifunga kamba.

Nikamwomba Kosta mtungi. Akaja nao mwenyewe.

Tatizo la kwanza: mkanda wake wa risasi. Kosta alikuwa mwembamba kama ufito, mkanda haukufika hata nusu ya kiuno changu. Tukauunga kwa kamba. Nikaruka.

Wakuu, sikuzama! Uso majini, makalio juu, kama kifuu. Watu pwani walicheka mpaka wakakaa chini. Mafuta ya mwilini yanaelea, nani aliniambia?

Nikashikwa na hasira za kijinga. Nikaazima risasi za nyavu, nikazifunga zote kiunoni.

Safari hii nilishuka kama jiwe la kusagia. Mkanda ukateleza mapajani, miguu ikaingia kwenye tope. Natafuta kifungo nikifungue, kimejificha chini ya tumbo. Hapo niliona maisha yangu yote, na hayakuwa marefu.

Bahati nilikuwa nimefungwa kamba kifuani. Mzee Bakari, aliyeishika kule kwenye mtumbwi, akanivuta na wenzake.

Dada alikuwa analia. "Acha, Salimu! Cherehani ni chuma tu. Wewe nitakupata wapi?"

Ndipo tukatuliza akili. Kosta akasema, "Umejipakia kama tishari la mizigo. Tupunguze kipande kimoja kimoja."

Tukapima hivi: nasimama wima kwenye maji marefu, navuta pumzi ya kawaida, sipigi miguu. Maji yakifika machoni, sawa. Nikitoa pumzi, nizame taratibu. Kisha tukaongeza kipande kidogo, maana mtungi unakuwa mwepesi hewa ikipungua.

Na mkanda je? Kiuno cha mtu mnene ni mteremko. Dada akachukua sindano ya matanga na turubai, akashona kitu kama fulana ya mikanda ya mabegani, yenye mifuko ya risasi mbele na nyuma. Fundo liko kifuani. Ukivuta ncha moja kwa mkono mmoja, yote inadondoka.

Nilifanya mazoezi ya kuivuta nimefumba macho mpaka Mzee Bakari akachoka kuniangalia.

Kesho yake maji yalipotulia nikashuka. Polepole, kama mtu anayeteremka ngazi za kwao. Ikaja hali nisiyoisahau: sizami, sielei. Mimi Pipa, niliyevunja viti vya watu, nikawa mwepesi kama unyoya.

Cherehani ilikuwa imelala ubavu kwenye majani ya bahari. Nikaifunga, nikatikisa kamba mara mbili, wakavuta. Nikapanda nyuma yake, napumua njia nzima. Usibane pumzi ukipanda, hewa hutanuka ikakupasua mapafu, hilo nawausia.

Tuliiosha kwa maji baridi ya kisima, tukailoweka mafuta ya taa, nikaifungua kila skrubu. Siku dada alipozungusha gurudumu likalia *tkatkatka*, alicheka na kulia pamoja.

Nguo ya kwanza aliyoshona ilikuwa kaptura yangu. Ile niliyozamia nayo ilipasuka nyuma. Akaninyanyulia kitambaa, akaniuliza mbele ya watu:

"Mdogo wangu, hii ni kaptura au tanga la mashua?"

Funzo, wakuu: usiazime kipimo cha mwili wa mwenzio. Jipime majini, anza na kidogo, na kila uzito unaojivika ujue utautuaje kwa mkono mmoja.

Wanene wenzangu mnaozamia siku hizi na makoti ya kujaza hewa, mnavaa risasi kiasi gani? Semeni bila haya, uwanja ni wenu.