Vyuma Mahali pa Resori

Adrien Ntita alizaliwa Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yake aliletwa na treni kutoka Kasai enzi ambazo makampuni yalikuwa yakisaka mikono ya kuchimba shaba, akafanya kazi, akazeeka, akazikwa hukohuko. Adrien mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona. Tshiluba, lugha ya huko, alikisema kwa kujikwaa, na mama yake alikuwa akimcheka. Kiswahili ndicho alichokuwa akitukania, ndicho alichotumia kusali, na ndicho alichomtongozea Léonie mpaka akakubali.

Kazi yake ilikuwa kuitunza konkaseri, mashine ya kuvunja mawe ya shaba, katika kiwanda kidogo kilichokuwa kando ya barabara ya Kipushi. Kiunoni mwa mashine hiyo palizungushwa resori, springi nene kama paja la mtu, zilizoikandamiza sehemu ya juu ishikane na ya chini. Jiwe likiingia katikati lilivunjika. Lakini mara nyingine kipande cha chuma kilichomoka kwenye mashine za machimboni, kikasafiri pamoja na mawe, na chuma hakivunjiki. Hapo resori zilijikunja, sehemu ya juu ikainuka kidogo, chuma kikapita na kuanguka chini, na mashine ikarudi mahali pake. Bila resori, nguvu yote ile ingetafuta pa kutokea.

Kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa Adrien alizigonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Resori yenye ufa ina mlio wa chungu kilichopasuka. Aliipenda kazi hiyo, ingawa hakuwahi kusema hivyo kwa mtu yeyote isipokuwa Chileshe.

Chileshe alikuwa mtu wa upande wa Pweto, humohumo Katanga. Kazi yake ilikuwa kusimama jukwaani, kando ya mdomo wa mashine, na mtaimbo mkononi, akiyasukuma mawe yaliyokwama. Nyumba zao zilipakana kambini. Mkewe, Chanda, ndiye aliyempokea mtoto wa Adrien, Claudine, siku alipozaliwa, kwa kuwa uchungu ulimshika Léonie bombani, ndoo ikiwa bado kichwani. Tangu siku hiyo chumvi ya nyumba moja ilikuwa chumvi ya nyumba zote mbili.

Ukaja mwaka wa sitini, na Katanga ikajitenga na Kongo. Bendera mpya ikapandishwa. Kiwandani mwanzoni hakuna kilichobadilika ila maneno ya watu. Wenzake ambao walikula naye bukari, ugali wa huko, sahani moja walianza kumuuliza, tena wakicheka, "Ntita, weye uko muntu wa wapi?" Akijibu kwamba yeye ni mtu wa hapahapa, walicheka zaidi. Baadaye wakaacha kucheka, swali likabaki.

Mwaka uliofuata resori zilianza kuvunjika. Zilikuwa zimechoka, na mpya zilizoagizwa Ulaya hakuna aliyejua zimekwama bandari gani. Adrien alimpelekea habari mkuu wa karakana, Mbelgiji aliyeitwa Wauters, mtu mpole, aliyejua mashine vizuri kama yeye au kumpita. Wauters alikuja, akazunguka konkaseri, akagusa kila resori iliyovunjika kama daktari anayepapasa mbavu za mgonjwa.

"Tutatia bichuma," alisema mwishowe, Chileshe akiwasikia kutoka jukwaani. "Bichuma bizima, pale kwenye zilivunjika. Na zile zinabakia, uzikaze mpaka mwisho."

"Musiyu, kama chuma kinaingia, mashine haitakuwa na namna ya kujifungua."

"Najua." Wauters alivua kofia, akajifuta paji la uso. "Weye unajua, na miye najua. Lakini mawe inangojea, na bakubwa banataka shaba. Ukikataa, nitaita mwingine. Na mu siku hizi, Ntita, isikuwe Mukasai ndiye anakataa kazi."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kubeba mwavuli. Hilo ndilo lililomchoma Adrien zaidi, kwa sababu katika uso wa yule mzungu aliona kwamba anadhani amemtendea wema.

Adrien alivitia vile vyuma. Chileshe alimshikia taa na kumpa spana. Walipomaliza, Adrien alimwambia, "Kuanzia leo usisimame tena karibu na mudomo."

"Nisimame wapi sasa? Mutaimbo haufiki toka mbali."

"Basi simama upande wa ngazi."

"Upande wa ngazi sioni mawe." Chileshe alicheka. "Weye unaogopa mashine yako mwenyewe leo?"

Konkaseri ilifanya kazi hivyo wiki baada ya wiki. Sauti yake ilibadilika ikawa kavu, na sakafu ilitetemeka mpaka vikombe vya chai vikatembea mezani. Watu waliizoea. Hata Adrien alianza kujidanganya kwamba labda itafika salama mpaka resori mpya zije. Binadamu akipewa kesho moja bila ajali, huomba ya pili.

Ilikuwa mwezi wa nane. Jino la koleo la mashine ya kuchimbia, chuma kikubwa kama goti, lilichomoka machimboni, likaja na mawe, likaingia. Zamani mashine ingeruka na kulitema. Safari hii haikuwa na pa kurukia. Adrien, aliyekuwa chini akipaka grisi, alisikia mlio mmoja mkubwa, kisha kimya, na katika kimya hicho sauti ya Chileshe. Ubavu wa konkaseri ulikuwa umepasuka, na boliti moja iliyokatika ilikuwa imeruka ikampiga Chileshe mkono wa kuume na kuusaga kwenye reli ya jukwaa. Adrien alipanda, akamfunga kwa mkanda wake mwenyewe juu ya kiwiko, akambeba mgongoni mpaka kwenye gari. Hospitalini mkono ulikatwa.

Mashine kubwa haipasuki bila mtu kuulizwa. Wakaja maofisa, na kati yao mmoja wa usalama. Waliona vyuma mahali pa resori. Wakamuuliza Wauters nani anahusika na resori. Wauters alijibu, "Ntita." Jibu lilikuwa la kweli. Waliliandika jina ili wamwite baadaye, hawakumuuliza Wauters zaidi, na yeye hakuongeza. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Adrien, akiangalia viatu vyake.

Jioni hiyohiyo neno lilikuwa limeshazunguka kambi nzima: Mkasai ameua mashine, Mkasai amemkata mtoto wa Katanga mkono. Adrien alikwenda hospitali. Alidhani Chileshe atacheka na kusema upuuzi gani huu, na kambi ikisikia kwamba Chileshe amecheka, itatulia.

Chileshe alikuwa amelala, shuka limefunika bega. Hakucheka.

"Balikuya kuniuliza," alisema.

"Ukabaambia nini?"

"Baliuliza nani alifunga bile bichuma. Nikasema ni Adrien."

"Chileshe. Si tulikuwa bote? Si ulisikia Musiyu alituma?"

"Habari ya Musiyu hawakuniuliza." Alivuta shuka kwa mkono wa kushoto. "Balisema watanipa kazi ya geti. Ya kukaa. Muntu wa mukono moja, watoto wane, atafanya kazi gani ingine, Adrien? Uniambie weye."

Chileshe akageuza uso ukutani, na Adrien akabaki amesimama na machungwa aliyokuwa amemletea, mpaka muuguzi akamwambia muda wa wageni umekwisha. Machungwa aliyaacha kitandani.

Aliporudi, dirisha la nyumba yake lilikuwa limevunjwa. Chanda alikuwa kwake, mlango umefungwa, na mchana huo Léonie alikuwa amebisha bila kufunguliwa. "Alikuwa ndani," Léonie alisema. "Nilisikia anakohoa." Vijana walikuwa wamepita na mapanga, wakionyesha nyumba za Wakasai kwa kidole. Siku zile kila mtaa wa mji ulikuwa hivyo. Adrien alimbeba Claudine, Léonie akajitwika godoro na sufuria, wakafuata mstari wa watu waliokuwa wakielekea kambi ya wakimbizi, mahali palipolindwa na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa.

Mtu aliyezaliwa mjini, mwenye fundi wake wa suti na kiti chake kanisani, aliishi pale kwenye kibanda cha nyasi na makaratasi ya masanduku. Waliokuwa makarani walipigania maji na waliokuwa walimu. Usiku na mchana moshi haukuisha. Adrien alijenga kibanda kwa fimbo na magunia, akakirekebisha kila mvua iliponyesha, na mikono iliyozoea chuma ilijikwaruza kwa kazi hiyo ya kitoto. Vita vilipozuka mjini mwezi wa kumi na mbili, walizisikia risasi kutoka humo, wamelala kifudifudi, bila kujua nani anampiga nani.

Baada ya vita ikaingia surua. Claudine aliugua, macho yakavimba, kifua kikajaa. Palikuwa na hema la daktari na foleni ndefu mbele yake. Adrien alisimama kwenye foleni na mtoto begani tangu alfajiri. Jua lilipokuwa juu mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimgusa, akamwambia polepole, "Baba, ukae chini." Hakuelewa. Akamwambia tena. Ndipo alipomshusha Claudine begani na kumtazama.

Walimzika pembeni ya kambi. Léonie hakulia mbele za watu. Alimuuliza mumewe swali moja tu: "Ungekataa kutia bile bichuma, bangetufanya nini cha kupita hiki?" Adrien alilibeba swali hilo maisha yake yote, na hakupata pa kulitua.

Treni ya kuwarudisha Wakasai "kwao" iliwachukua mwaka wa sitini na mbili. Kwao, Adrien alikuwa mgeni. Ndugu za baba yake walimpokea kwa adabu, wakampa kipande cha shamba, na nyuma yake wakamwita mtu wa Katanga. Watoto waliigiza matamshi yake. Alilima mihogo vibaya. Katika eneo lile lote hapakuwa na mashine kubwa kupita baiskeli, na nyundo ndogo aliyotoka nayo aliibadilisha kwa jembe.

Bendera ya Katanga ilikwisha kushushwa. Mwaka uliofuata Léonie alisema, "Turudie. Kaburi yake iko kule." Wakarudi, wakafikia kwa kaka yake Léonie, Donat, aliyekuwa amepanga mtaa wa Katuba. Adrien alikwenda kiwandani kuuliza kazi. Getini, kwenye kiti, na kofia ya kampuni kichwani, alimkuta Chileshe. Mkono wa shati wa kulia ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Walitazamana. Chileshe ndiye aliyesimama kwanza.

"Ndugu, kazi hakuna," alisema. "Konkaseri balipata ubavu mupya na resori mupya. Bako na fundi mwingine. Musiyu Wauters alirudiaka kwabo Ulaya." Kisha akasema, "Twende nyumbani ukule."

Adrien alijua alipaswa kukataa. Alikuwa ametembea tangu Katuba, na tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. Akamfuata. Nyumba waliyoingia haikuwa ya Chileshe ya zamani. Ilikuwa ya Adrien mwenyewe. Kampuni ilikuwa imempa Chileshe kwa kuwa ilikuwa na chumba kimoja zaidi. Dirisha lilikuwa na kioo kipya.

Chanda alitoka jikoni akifuta mikono. Alipomwona alishika kifua. "Baba Claudine," alisema. "Léonie yuko? Na Claudine? Sasa anakuwa mukubwa, hapana?"

"Claudine alibakia mu kambi," Adrien alisema. "Mu ile mwaka ya surua."

Chanda alikaa chini, palepale mlangoni. Chileshe alimsogezea Adrien stuli kwa mguu.

"Balikuuliza nani alifunga," Adrien alisema. "Ukajibu nani alifunga. Ungeongeza maneno mawili tu."

"Ningeongeza, ningekosa geti."

"Najua."

"Unajua," Chileshe alisema, "na bado unanitazama hivyo."

Chanda aliinuka, akaleta bukari na sombe, mboga ya majani ya mihogo, akaweka sahani moja kati yao kama zamani. Adrien alinawa. Alikuwa amekwisha kujiambia hatakula. Harufu ikampanda, mkono wake ukaenda wenyewe, na alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yaliyochorwa chini yake. Chileshe alikula kidogo, kwa mkono wa kushoto, akimwachia mgeni sehemu kubwa.

Jioni Léonie alimuuliza kama amepata kazi, akajibu hapana. Akamuuliza kama amekula. Angeweza kuficha, lakini alimwambia kila kitu: nyumba, dirisha, sahani. Léonie aliendelea kuchambua mboga mpaka akamaliza fungu zima.

"Basi," alisema, "usiniambie balipika nini."

Adrien alipata kazi baadaye, kwenye mashine ya kusaga mahindi, Katuba, akabadilisha mikanda na kunoa meno ya chuma mpaka mapafu yalipojaa unga. Alipokutana na Chileshe sokoni walipeana mkono, wa kushoto kwa wa kushoto, wakaulizana habari za nyumbani, kila mmoja akajibu nzuri. Léonie alikuwa akipita upande mwingine wa meza za wauza dagaa, akimngojea mumewe mbele.